Ukili wa Shangazi na Makanda ya Vita

Naandika haya kwa penseli, kwenye daftari la mjukuu wangu, kwa sababu kalamu ya wino hainisikii. Kusoma kwangu ni chuo cha Kurani, nacho nilitolewa kabla sijahitimu, halafu masomo ya ngumbaru kule Tononoka nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu. Kwa hivyo ukiona maneno yamekwenda mbele yakarudi nyuma, nivumilie, hata nikisema ndivyo nilivyo. Jambo lenyewe ni moja tu. Kuna mtu alilaumiwa kwa kosa langu mimi, akaishi na lawama ile mpaka akafa nayo, na mwezi uliopita, kwa mdomo wangu huu usio na meno, nikamlaumu tena.

Aliyenichokonoa ni msichana mmoja anayekusanya habari za ususi wa zamani. Anatayarisha maonyesho madogo katika chumba kimoja hapa Mji wa Kale, si mbali na Ngome. Alikuja kwangu na simu yake ya kunasia sauti, akavua viatu mlangoni vizuri, akaniamkia, akakaa kwenye mkeka ijapokuwa viti vipo. Nikampenda papo hapo. Akanionyesha picha ya zamani: askari wamekaa nyuma ya ukuta, na ukuta wenyewe si wa mawe, ni wa makanda, ile mifuko ya kusukwa, yaliyojazwa mchanga. Akaniuliza, "Bibi, haya makanda yalisukwa wapi?"

Nikamwambia, "Hapa hapa. Mengine yalisukwa kwetu."

Basi nikaanza kuhadithia, na mimi nikianza sina breki.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya dunia. Mimi nilikuwa na miaka minane, au tisa, sijui, kitambulisho changu waliandika kwa kukisia. Bandari ya Kilindini ilijaa manuwari hata ukitazama huoni maji. Ngome wakati huo ilikuwa jela, si mahali pa watalii, na sisi watoto tukipita tulikuwa tunatembea upande wa pili wa njia, tusije tukaitwa na wafungwa. Wazungu walikuwa wameweka mizinga ufukoni, upande wa mnara wa taa, na mzinga unataka ukuta wa mchanga kuukinga. Mchanga upo. Magunia ya kuutia ndiyo hayakuwepo, kwa kuwa magunia yalitoka Bara Hindi na meli zilikuwa na kazi nyingine. Mhindi mmoja mwenye duka la vitambaa, aliyekuwa na tenda za jeshi, ndiye aliyepata fikra. Alikuwa anaona wanawake wa mtaani kwetu wakishona makanda ya kutilia tende na mtama, makanda marefu ya miyaa, yale majani magumu ya mkoma. Akaja akauliza kama yanaweza kubeba mchanga. Mamangu akamwambia yanaweza kumbeba yeye na duka lake.

Hivyo ndivyo nyumba yetu ikaingia vitani. Ukumbi mzima ulijaa miyaa, ukipumua unasikia harufu ya jua na vumbi. Kazi ilikuwa hivi, nieleze kwa asiyejua, maana siku hizi hata watu wa hapa hapa hununua mikeka ya plastiki. Jani la mkoma hupasuliwa vipande vyembamba, ndizo chane. Chane husukwa zikawa utepe mrefu wa upana wa vidole vinne au zaidi, huo ndio ukili. Ukili hupimwa kwa pima, mikono miwili ikinyooshwa, na ukishatimia huzungushwa ukawa robota. Halafu anakuja mshonaji, naye huushona ukili ukingo kwa ukingo, ukizunguka na kupanda, mpaka linatoka kanda. Msusi na mshonaji si lazima wawe mtu mmoja. Kwetu mshonaji alikuwa bibi mmoja jirani, nyumba yake ilikuwa nyuma ya yetu, kichochoro kimoja tu katikati. Macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, hakuona vyema, alishona kwa kupapasa. Na hakuna aliyemshinda.

Wasusi wa nyumbani kwetu walikuwa mamangu na shangazi yangu. Shangazi, dadake babangu, alikuwa bado msichana, ameshaposwa, anangoja siku. Alikuwa mrefu, mcheshi, na alikuwa na mashoto. Chakula alikula kwa mkono wa kulia, kwa hilo walimpiga utotoni mpaka akaweza. Lakini kusuka walishindwa naye. Akishika chane, mkono wa kushoto ndio uliotangulia. Na ukili wa mwenye mashoto si kama ukili wa watu wengine. Chane zake hulala upande wa pili. Ukiuweka ukili wa mamangu na wa shangazi pamoja, utaona mmoja umeinama huku na mwingine umeinama kule, kama watu wawili waliogombana wakapeana mabega.

Mamangu hakuacha kumchokoza. Wifi na wifi, wajua mambo yao. Siku moja wamekaa wanasuka, mamangu akamwambia, "Wifi, huo ukili wako unaelekea kibla cha wapi?"

Shangazi hakuinua hata kichwa. "Unaelekea kwa mume wangu. Wako ulishafika kwa wako, ndiyo maana umechoka hivyo."

Mamangu alicheka mpaka chane zikamtoka mkononi. Ninalisikia cheko lile hata sasa.

Sasa hapa ndipo penye jambo. Ukili wa kulia na ukili wa kushoto haushonwi pamoja. Ukishona mkeka, utaona ubaya wa macho tu, lakini ukishona kanda, halafu ukalitia kitu kizito kikarowa, kila ukili unavuta upande wake na mshono unafumuka. Wanawake wote walijua. Kwa hiyo makanda ya shangazi yalikuwa yakishonwa peke yake, kwa ukili wake tupu, na yalikuwa madhubuti kama mengine, sikwambii uongo, pengine zaidi. Ili bibi mshonaji asichanganye, shangazi alichana upindo wa kisutu kikuukuu, ile leso nyekundu ya maharusi, akatoa vitambaa vyembamba. Kila robota lake alilifunga kwa kitambaa kimoja. Bibi akipokea marobota alikuwa anapapasa kwanza fundo. Akigusa nguo, anajua huu ni wa mashoto, anauweka kando. Akigusa mwaa, jani tupu, ni wa wengine.

Aliyekuwa akipeleka marobota ni mimi.

Siku moja nilibeba mawili, moja la mamangu na moja la shangazi. Katika kichochoro nikayaweka chini nipumzike. Kile kitambaa kilikuwa chekundu hasa, hakijafifia kama vile vya mwanzo. Nilikuwa na mashungi mawili yamefungwa kwa uzi mweusi, na mtoto wa jirani alikuwa na utepe mwekundu alionunuliwa Idi. Nikafungua. Nikalifunga robota la shangazi kwa kipande cha mwaa kama mengine yote, nikakifunga kitambaa kwenye nywele zangu, nikavuta mtandio juu. Basi. Sikuwaza mambo ya mshono. Niliyajua, kwa sababu nilikuwa nimeyasikia mara ngapi sijui, lakini sikuyawaza. Nikampa bibi marobota yote mawili, akapapasa, akasema Mungu aniweke, nikarudi nyumbani kwa kurukaruka.

Makanda yale yakashonwa, yakaenda na mkokoteni wa Mhindi.

Kisha ikaja mvua ya masika. Ilinyesha siku mbili haikukatika. Siku ya tatu Mhindi akaja mwenyewe, na mkokoteni nyuma yake, juu yake makanda mawili yamefumuka tangu mdomo mpaka kitako. Hakuja kwa ukali. Ingekuwa afadhali. Aliingia ukumbini, akayalaza makanda kwenye sakafu, mchanga bado umegandamana ndani, akasema ukuta wa upande mmoja umeanguka na askari mmoja, mtu wa bara, ameangukiwa mguu. Alitaka kujua kumetokea nini ili lisitokee tena.

Bibi mshonaji aliitwa. Akakaa chini, akapitisha vidole polepole penye mfumuko, akaenda akarudi. Akasema, "Hapa nimeshona wa kulia na wa kushoto. Lakini sikugusa kitambaa. Wallahi sikugusa."

Watu wote wakamgeukia shangazi.

"Nilifunga," akasema. "Nafunga kila mara. Muulizeni mtoto, yeye ndiye aliyebeba."

Mamangu akaniangalia. Akaniuliza, "Robota la shangazi yako lilikuwa na kitambaa?"

Na kitambaa kilikuwa kichwani mwangu wakati huo, chini ya mtandio. Nilikihisi kinanikaza nywele. Nikasema, "Halikuwa nacho."

Nilisema kwa sauti ya kawaida. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, jinsi lilivyotoka laini. Shangazi aliniangalia, si kwa hasira, aliniangalia kama mtu anayejaribu kukumbuka. Alianza kujitilia shaka mwenyewe, maskini. Akasema, "Labda lile moja nilisahau." Na alipokwisha kusema hivyo, mambo yakawa yamekwisha.

Sijui kama mamangu alinishuku. Sitaki kumtwika marehemu lawama.

Baadaye nikakitupa kitambaa kisimani. Nyumba zetu za zamani zilikuwa na kisima ndani, maji yake ya chumvichumvi, ya kuogea na kufulia. Kwa muda mrefu, kila ndoo ikipandishwa, nilikuwa nikienda kuchungulia nisije nikakiona kimeelea. Hakikupanda. Kisima chenyewe siku hizi kimefunikwa kwa saruji na juu yake pamewekwa tangi.

Mtaa hauna siri. Neno lilizunguka kwamba mwenye mashoto ameangusha ukuta wa askari. Ukitazama hivi ni jambo dogo, makanda mawili tu, na vita vilikuwa vimeua watu wasiohesabika. Lakini mamake mchumba alikuwa tangu zamani hapendi ile shoto. Alikuwa akiuliza kama watoto watarithi. Sasa akapata pa kushika. Akaja kwetu, akanywa kahawa, akala kashata mbili, akasema kwa adabu kubwa kwamba labda tungoje mpaka vita viishe. Vita vikaisha. Mwanawe alikuwa ameshaoa Lamu.

Shangazi hakusuka tena. Hakusema ataacha, hakugombana na mtu, alikaa tu ukumbini mikono imelala mapajani huku mamangu anasuka, na mamangu hakumchokoza tena. Hakuna kitu kibaya nyumbani kama wifi wanaoheshimiana. Baada ya miaka kadhaa akaolewa na mwanamume mtu mzima, aliyefiwa na mkewe, mtu mzuri, mkimya, wakaenda kukaa Tononoka. Wakajaaliwa mtoto mmoja wa kike. Mimi nikaolewa, nikazaa, nikawa naye karibu miaka yote ile, sikukuu haikupita bila kwenda kumwona. Alinipenda sana. Alikuwa akinipa ukoko wa wali, aliujua ndio nipendao. Na mara kwa mara, hasa tukiwa wawili peke yetu tunachambua mchele, neno lilikuwa likinijia mpaka hapa kooni. Nikawa nasema, leo nitamwambia. Halafu ananiambia nimpitishie ungo.

Alipofariki mimi nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Mkono ule wa kushoto niliushika mimi, nikaumiminia maji, nikauosha kidole baada ya kidole. Hata hapo sikusema. Ningemwambia nani?

Sasa nirudi kwa yule msichana na simu yake. Nimemhadithia miyaa, Mhindi, manuwari, anacheka, anashangaa, na mimi nimevimba kichwa kwa kusikilizwa, kwa sababu kwangu siku hizi kila mtu ana haraka. Akaniuliza, "Na makanda yalikuwa madhubuti, bibi? Hayakupasuka?"

Nikamjibu hivi, na sauti imenaswa ipo: "Yalikuwa chuma. Isipokuwa kulikuwa na mwanamke mmoja mwenye mashoto, ukili wake ukaangusha ukuta." Nikacheka. Naye akacheka. Mara ya kwanza nilidanganya kwa hofu, na mtoto ana udhuru. Mara hii nilidanganya ili kunogesha mazungumzo.

Wiki iliyofuata akaniletea karatasi ya maneno yatakayobandikwa ukutani chini ya picha, nihakikishe. Nilivaa miwani, nikasoma kwa kidole, silabi kwa silabi kama walivyotufunza ngumbaru. Nikafika pale: makanda machache yalifumuka kwa ajili ya kosa la msusi mmoja mwenye mashoto. Nikasoma tena. Shangazi yangu hakusoma katika maisha yake, na sasa ameandikwa, na ameandikwa kwa hilo. Maonyesho yalikuwa yafunguliwe Jumamosi. Watu watasoma, na baada yangu hakuna atakayejua vingine.

Nikamwambia msichana anipe siku mbili. Kesho yake asubuhi nikaenda Tononoka kwa binti yake shangazi. Yeye naye ni mwanamke mzima, ana wajukuu, magoti yanamsumbua kuliko yangu. Nilimkuta anakaanga mahamri. Kwanza tukaulizana hali, za watoto, za magoti, za bei ya sukari. Akanimiminia chai. Halafu nikampa karatasi, akaisoma, na kabla hajauliza nikamwambia yote, tangu kichochoroni mpaka kisimani. Sikupunguza.

Alizima jiko. Mahamri mengine yalikuwa bado kwenye mafuta, akayaacha humo humo.

Akasema, "Mimi sijui kusuka hata ukili wa pima moja. Nilikuwa nikimwomba anifunze, anakataa. Nikadhani hapendi kukaa nami."

Nikamwambia nilikuwa na miaka minane.

"Hiyo minane sikuulizi," akasema. "Nakuuliza ulipokuwa na thelathini. Mama alikuwa hai. Ulipokuwa na hamsini, unakuja hapa kila Idi, unakula wali wake. Hapo ulikuwa na miaka minane?"

Nikamwambia nilikuwa naona haya.

"Haya hizo ulimwachia mama akuvalie."

Nikamwomba msamaha. Akaifuta meza iliyokuwa safi. Mwisho akasema, "Cha mama mimi siwezi kukusamehe, si changu. Sitajifanya. Lakini hii karatasi isibandikwe. Nenda ukaitengeneze, halafu niite nije nisome."

Nilitoka pale sikurudi nyumbani. Nilishuka moja kwa moja kwenye chumba cha maonyesho. Msichana alikuwa juu ya ngazi anatundika jamanda, kile kikapu chenye kifuniko. Nikamwambia maneno yale si kweli. Akawa mwepesi kabisa, akasema, "Si neno, bibi. Nalifuta tu hilo, hakuna atakayejua."

Na nikwambie kweli, nilitamani. Likifutwa, shangazi hana doa, mimi sina doa, tunakunywa kahawa. Lakini kwa watu wachache waliobaki wenye kukumbuka, na kwa watoto wao waliohadithiwa, doa lipo palepale. Nikamwambia, usifute, badilisha. Andika kwamba msusi yule alilifunga robota lake kwa kitambaa kama ada yake.

"Na nani alifungua?" akauliza.

"Mtoto wa nyumba aliyetumwa."

Akaandika. Nikaona roho imetulia, nikakaa kwenye kiti. Halafu nikasikia maneno ya yule binti wa Tononoka kuhusu miaka thelathini, na nikajiona nimejificha tena, safari hii nyuma ya mtoto. Nikamwita msichana ashuke. Nikamwambia, "Andika mtoto yule ni mimi niliyekuhadithia. Andika aliulizwa akadanganya. Na andika alikua, akazeeka, na msusi akafa hajaambiwa."

Akaniangalia. "Bibi, una hakika? Watu wa mtaani watasoma."

"Wale waliomlaumu msusi pia walikuwa watu wa mtaani."

Aliandika. Alinisomea mara mbili nami nikaitikia, kisha nikampelekea habari binti yake shangazi aje asome.

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko nilivyodhani. Wengine walisoma wakanitazama, wengine walisoma wakaacha kunitazama. Jirani mmoja, tunayeamkiana kila siku, alipita kama hakuniona. Niliketi karibu na mlango na bakora yangu, sikuondoka, nikasema kukaa hapa ndiyo sehemu yangu. Askari yule wa bara sikumsemea chochote, simjui jina, sijui kama mguu wake ulipona. Hilo nalo ninalo.

Binti yake shangazi alifika alasiri. Alivaa buibui lake zuri. Alisimama mbele ya ile karatasi, akaisoma taratibu, midomo inatikisika. Akaisoma tena. Akamwomba msichana ampigie picha, si yake yeye, ya karatasi, awapelekee wanawe. Kisha akavaa viatu alivyoviacha mlangoni akatoka nje bila kunisemesha.

Nikainuka nikamfuata, maana sikujua lingine la kufanya. Alikuwa mbele, hakugeuka. Mwendo wangu ni wa konokono. Akafika penye kona ya kichochoro, akasimama. Alikuwa ananipa mgongo, anatazama kwengine kabisa, mkono mmoja umeshika ukuta kwa ajili ya magoti yake. Alisimama hapo mpaka nikafika, kisha akaendelea na safari, na mimi nyuma yake.